Tahadhari: Muuzaji wa Kofia za Chuma na Nishani Anayepiga Picha Juu ya Blanketi la Kijani

Ndugu wakusanyaji wenzangu,

Nimesita kwa muda kabla ya kuandika haya, kwa kuwa si jambo jepesi kukiri mbele ya watu wanaokufahamu kwamba umetapeliwa katika fani ambayo wewe mwenyewe huwaelekeza wengine. Jina la muuzaji silitaji, maana hadi sasa nimemkuta akitumia majina matatu na huenda hakuna hata moja lililo lake. Nitaeleza anavyofanya kazi, ili mumtambue kwa mtindo wake.

Alitangaza kofia ya chuma ya jeshi la nchi kavu la Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, yenye vibandiko viwili: tai upande wa kushoto na ngao ya rangi tatu upande wa kulia. Kwa maelezo yake, kofia hiyo ilikutwa darini katika nyumba ya marehemu babu yake, aliyerudi nayo kutoka vitani. Picha zilikuwa nane, zote za kuvutia, na leo nikizitazama upya ndipo naona kilichonipita: hakuna hata moja iliyoonyesha ukingo wa kofia kwa karibu, na ile ya ndani ilikuwa na ukungu. Nilipoomba picha nyingine, alinijibu kwa upole mno kwamba kuna mteja anayeisubiri, nami nikalipa usiku uleule.

Kofia ilipofika, kidole kiligundua kasoro kabla ya jicho. Ukingo ulikuwa mkali. Kofia za muundo wa 1935 na wa 1940 zina ukingo uliokunjwa kwa ndani. Ni ule wa 1942 ulioachiwa ukingo usiokunjwa, uliopinda kidogo kuelekea nje, kwa kuwa hatua hiyo ya kazi iliondolewa kiwandani ili kuharakisha uzalishaji. Ngao ya rangi tatu, kwa upande wake, jeshi la nchi kavu liliamuru iondolewe mwaka 1940, kwa hiyo kofia ambayo muundo wake ulianza kutengenezwa miaka miwili baadaye haikuwa na sababu ya kutoka kiwandani ikiwa na ngao hiyo. Kofia za polisi ni habari nyingine, na muuzaji huyu anajua wazi kwamba wengi wetu huchanganya mambo hayo mawili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chuma chenyewe ni halisi. Ndani imepigwa chapa ET64, yaani kiwanda cha Thale na saizi ya 64, na rangi yake ya chini ni ya zamani bila shaka yoyote. Uongo umebandikwa juu ya ukweli. Nilipoitazama kwa lenzi chini ya taa iliyoegemezwa pembeni, niliona mkwaruzo mrefu wenye kutu ukitokea karibu na tundu la hewa, ukiingia chini ya tai, kisha ukitokeza upande wa pili, ilhali tai mwenyewe hakuguswa hata unyoya mmoja. Mkwaruzo wa kweli ungekata rangi na kibandiko kwa pamoja. Huyu tai alitua baada ya kutu.

Pamoja na kofia nilikuwa nimenunua nishani ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, ile ya fedha yenye kipenyo cha milimita 36, ambayo ilitolewa ikiwa na namba, cheo, jina na kikosi cha askari kwenye ukingo wake. Hii ilitajwa kuwa ya askari wa kikosi adimu, na bei ilipanda kwa sababu hiyo tu. Niliipima kwa kalipa: kutoka juu hadi chini, palipo na maandishi, kipenyo kilikuwa pungufu kuliko kutoka kushoto hadi kulia. Jina la awali lilikwanguliwa kwa tupa na jingine likapigwa mahali pake. Nishani ni halisi, fedha ni halisi, na askari aliyepewa amefutwa, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko hasara ya pesa.

Kila kifurushi chake huja na cheti cha uhalisi kilichogongwa muhuri mwekundu. Kisomeni vizuri: aliyetia saini ni muuzaji mwenyewe. Huuza pia beji za kitambaa, na huambatanisha picha zilizopigwa gizani chini ya taa ya urujuanimno ili kuonyesha kwamba nyuzi hazing'ai. Kipimo hicho kina manufaa, ila nyuzi za pamba zinazotengenezwa leo bila dawa ya kung'arisha nazo hazing'ai, na beji halisi iliyowahi kufuliwa kwa sabuni ya kisasa inaweza kung'aa.

Kuhusu malipo, husisitiza utume pesa kwa utaratibu wa kumtumia ndugu au rafiki, akidai kwamba anakuepusha na makato. Ukikubali, umejiondolea mwenyewe kinga ya mnunuzi. Nilipomwandikia nikitaka kurudisha mzigo, alijibu mara moja kwamba mali ikishauzwa hairudi, kisha akanifungia mawasiliano. Mazungumzo yote nimeyahifadhi, pamoja na tangazo lake la kwanza kabla hajalifuta, na nawaomba wengine waliouziwa naye wafanye hivyohivyo kabla ya kumwambia lolote.

Wiki hii, kwa jina jipya, ameweka kofia nyingine yenye vibandiko viwili, safari hii ikisemekana ni ya marehemu mjomba wake. Imepigwa picha juu ya blanketi lilelile la kijani lenye kiraka cha mraba kilichoshonwa kwa uzi mweupe kwenye pembe. Ukingo wake, kama kawaida, hauonekani.