Darubini ya "mara 525" niliyouziwa Kariakoo: kioo kizuri, stendi ya hovyo, na muuzaji asiye na adabu

Stendi ya darubini hii ni ya hovyo. Naanza na hapo kwa sababu kila anayesikia nimenunua darubini ananiuliza kama inaona mbali, na hilo ndilo neno walilonalo wauzaji mdomoni. Kuona mbali si shida. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi na tunauona kwa macho matupu. Shida ni kwamba ukishaielekeza darubini hii juu, ukagusa kidogo tu kile kigurudumu cha kurekebisha picha, bomba zima linatetema. Unatoa mkono, unasubiri. Likija kutulia, ulichokuwa unatazama kimeshatoka kwenye lenzi. Unakitafuta, unagusa tena, linatetema tena.

Miguu yenyewe ni ya alumini nyembamba, unaweza kuipinda kwa mikono. Inarefushwa na kubanwa kwa vibano vya plastiki, na kimoja kilipasuka mapema kabisa, hata boksi sijalitupa. Kichwa cha stendi kimeshikiliwa na bolti moja. Nimeikaza mpaka vidole vimeuma, bado kinacheza. Uani kwangu Kibada, Dar es Salaam, ni mchanga mtupu, kwa hiyo kila mguu unazama kwa wakati wake. Nikaweka vipande vya tofali chini, bado. Nikaning'iniza dumu la maji katikati ili kuongeza uzito, maana nilisoma kuwa inasaidia. Miguu ikaanza kutanuka.

Hela ilikuwa ya mchezo. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na mipango mingine, lakini binti yangu yuko kidato cha tatu, na tangu walipofika kwenye mada ya lenzi hana habari nyingine. Nilikwenda Kariakoo nikijua ninachotaka: darubini ya mtu anayeanza, ya kuweka uani, mtoto aone mwezi na sayari mbili tatu. Nilimwambia yule kijana wa dukani hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Akanishushia boksi lenye picha ya sayari ya Zohali imejaa kava zima, picha ya vyombo vinavyorushwa angani, si ya darubini ya mtu aliyekaa uani kwake. Kwenye kona, kwa maandishi manene: 525x. "Mama, hii ndiyo mwisho wa matatizo. Mara 525. Hizi nyingine za kuchezea watoto." Kwenye rafu hiyo hiyo kulikuwa na nyingine fupi, nene, ina mdomo mpana, imekaa kwenye kitako cha mbao. Nikaiulizia. Akabetua mdomo: hiyo ya mezani, haina hata miguu. Nikikumbuka ule mdomo ulivyobetuka nachemka upya, kwa sababu hiyo isiyo na miguu ndiyo ambayo watu wanaojua mambo haya humpa mtu anayeanza. Imetulia, kioo chake ni kipana, unaiweka juu ya stuli na kazi inaanza. Alikuwa nayo mkononi akaisukuma pembeni.

Sasa hiyo 525. Ukuzaji wa darubini unapatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi yake, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana, kwa ule wa lenzi unayotazamia. Hii ni milimita 700. Ndani ya boksi kuna lenzi ndogo ya milimita 4, kwa hiyo 700 gawanya kwa 4 ni 175. Halafu kuna kijibomba cha plastiki, lenzi ya Barlow, cha kuzidisha mara 3. 175 mara 3 ni 525. Basi, siri yote ni hiyo. Hesabu imekubali, ila kioo kinachokusanya mwanga ndani ya bomba hakikubali, maana kila milimita ya upana wake inahimili ukuzaji wa kama mara 2, na hapo hewa iwe imetulia. Kioo cha hii kina milimita 76, kwa hiyo kikomo chake ni 152. Ukipita hapo huongezewi undani, unaongezewa ukungu. Na hata huo ukungu huupati, kwa sababu dunia inazunguka, na kwenye mara 525 sayari inakatiza lenzi nzima na kutoka hata nusu dakika haijaisha. Galileo aliiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii mwaka 1610 kwa kifaa cha mara 20 hivi. Ishirini! Mimi nimeuziwa 525 nikashindwa kuushika mwezi.

Lakini narudi kwenye stendi, kwa sababu kuna kubwa kuliko kutetema. Stendi hii ni ya ule muundo wenye mhimili ulioinama. Ukiuelekeza mhimili kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, unaifuata nyota kwa kuzungusha kirungu kimoja tu. Kijitabu kinasema: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Kijitabu hicho kimeandikiwa watu wa Ulaya. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo usiku kucha, mwaka mzima, haichomozi. Sisi tunatakiwa tuuelekeze kusini na kuulaza mpaka ubaki digrii 7 tu kutoka usawa wa ardhi. Kichwa cha stendi hii hakilali hivyo. Ukikilazimisha, ile fimbo yenye chuma cha kusawazisha inagonga mguu wa stendi. Tumekaa uani, mbu wanatula, mimi tochi mdomoni, binti kashika kijitabu ananisomea hatua moja moja, na kila nikizungusha chuma kinagonga: ko, ko, ko. Mwishowe mtoto akafunga kijitabu akasema, "Mama, labda sisi haya mambo hatuyawezi."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mtoto wangu ana akili zake timamu. Kilichoshindwa ni chuma na plastiki, ila yeye ndiye aliyejiona ameshindwa.

Nikarudi dukani, naye nikamchukua, akiwa bado na sare za shule. Nilimsalimia kijana kwanza, akaitikia macho yako kwenye simu. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba stendi hailali, chuma kinagonga, na hiyo Nyota ya Kaskazini kwetu haionekani. Unajua alinijibu nini? "Nyota ipo mama, wewe ngojea mawingu yaondoke." Nikamwambia si mawingu, iko chini ya upeo. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Mama huyu kaja kutufundisha nyota." Kisha akanirudia mimi: "Mama'ngu, hivi vitu vinataka wasomi. Ungemchukulia mtoto simu tu." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kuingizwa mjini nimeshaingizwa mara nyingi, sitajifanya mgeni wa Kariakoo. Lakini kunijibu shombo mbele ya mwanangu, juu ya jambo ambalo mimi nalijua na yeye halijui, hilo limenikaa kooni mpaka leo. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, nauza vitenge. Mteja akirudi na doti iliyochujuka rangi namkalisha, namsikiliza, tunamalizana. Na kama ni karatasi ya ukutani, ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na kuandika 525 kwenye kioo cha milimita 76 kama si kupotosha basi sijui kupotosha ni nini. Nilitaka kulifikisha mbele. Nauli na muda vimenizuia, hasira haijanizuia.

Halafu kuna jambo ambalo kila mzazi alisikie, hata kama hataki kusikia mengine yote. Ndani ya boksi nilikuta kigilasi kidogo cheusi kimeandikwa SUN, cha kufungwa kwenye lenzi ya kutazamia ili eti uliangalie jua. Usithubutu. Kioo kinalikusanya joto la jua lote na kulimwaga juu ya hicho kigilasi, na kinaweza kupasuka jicho la mtoto likiwa hapo hapo. Jicho likiungua ndani halirudi. Kichujio cha jua kinachofaa kinafunika mdomo wa mbele wa darubini, mwanga upunguzwe kabla haujaingia. Hicho nilichopewa nilikiweka juu ya jiwe nikakiponda kwa nyundo. Kwa kosa hili peke yake ningewapa alama ya chini kuliko zote.

Nilikuwa niishie hapa, niseme msiinunue. Ila haki ni haki, na kuna upande wa pili ambao umenivuruga.

Hapa mtaani tuna fundi seremala, mzee mtaratibu. Alipita akaikuta imelala ukutani. Akalitoa bomba kwenye stendi, akalishika mikononi, akatazama nalo mnazi wa jirani, akaliinua na kulishusha. Akasema, "Mama, bomba halina ubaya. Hii miguu ndiyo inayokusumbua." Maneno hayo tu. Tena hakuuliza bei, hakuniambia ningenunua simu.

Nikamwonyesha michoro ya stendi za Dobson. John Dobson alikuwa mtawa huko Marekani, akitengeneza darubini kwa vitu vya kuokota na kuzitoa barabarani San Francisco ili kila apitaye atazame. Stendi yake ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya vipande vya plastiki inayoteleza. Haina mhimili wa kuinamisha wala haihitaji Nyota ya Kaskazini, kwa hiyo inafanya kazi Dar sawa na inavyofanya Ulaya. Unasukuma kwa mkono, kulia, kushoto, juu, chini. Fundi aliangalia picha mara moja tu akaenda kutafuta msumeno. Alitumia mabaki ya plaiwudi. Pande mbili za bomba akafunga vifuniko vya bomba la maji la inchi nne, vikakaa kwenye mbavu za sanduku zilizokatwa nusu duara. Chini akagandisha kipande cha fomaika iliyotoka kwenye kabati bovu, na juu yake vipande vitatu vya plastiki nene alivyokata kwenye dumu. Akasukuma kwa kidole kimoja. Likaenda, likasimama pale pale alipoliachia. Nikagonga sanduku kwa ngumi makusudi. Likatikisika kidogo, likatulia.

Usiku Zohali ilipopanda upande wa mashariki niliweka lenzi ya milimita 12.5, yaani mara 56 tu. Nikarekebisha picha. Haikukimbia. Kiduara cha rangi ya siagi, na pete yake imekizunguka, na kati ya pete na sayari kuna weusi wa anga unaoonekana wazi kabisa, huna haja ya kuambiwa utazame wapi. Kando yake kuna nukta, Titan, mwezi wake mkubwa kuliko yote. Nilimwita binti. Alitazama, akanyanyua kichwa akaangalia juu kwa macho yake, akarudi kwenye lenzi, akaanza kupiga kelele. Jirani akaja na kanga begani. Wakaja vijana wa bodaboda wa kijiweni, wakapanga foleni wenyewe, na kila mmoja akauliza kama ni picha imebandikwa ndani. Si picha. Ni kioo cha milimita 76, kile kile nilichokuwa nakitukana.

Basi sasa nitoe hukumu gani? Kioo ni kizuri. Lenzi ya milimita 20 na hiyo ya 12.5 zinatosha mtu anayeanza. Mwezi ukiwa nusu, mashimo yake kwenye ule mstari wa kivuli yanaonekana mpaka kingo. Kilimia kinajaa kwenye lenzi, nyota nyingi kuliko zile sita saba tunazozihesabu. Kwa hiyo siwezi tena kusema ni takataka. Na hilo ndilo linalozidi kunikasirisha: walikuwa na kitu kizuri, wakakikalisha juu ya miguu isiyoweza kukibeba, wakachapa 525 juu ya boksi, na mtoto asiye na fundi seremala jirani ataiegesha uvunguni akiamini anga si lake.

Ukienda kununua, usiulize inakuza mara ngapi. Uliza upana wa kioo au lenzi ya mbele kwa milimita. Kisha ifungwe hapo hapo dukani, igonge kwa kidole, uangalie inachukua muda gani kutulia. Akikataa kuifunga, ondoka. Kama hela ni ndogo, darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) itakupa mwezi, Kilimia na hata miezi ya Mshtarii ukiegemea ukuta. Kama hela inatosha, chukua ile ya mezani isiyo na miguu, muuzaji abetue mdomo atakavyo.

Hii niliyonayo, na stendi yake, kwa bei niliyolipa: usinunue. Ukiikuta inauzwa bomba na lenzi tu, kwa nusu ya bei, na unamjua fundi mwenye plaiwudi, inunue leo hii. Ila si kwenye duka lile.