Fomu ya afya ya mwanafunzi: kliniki moja ya binafsi, Malindi mjini

Kwa mtoto anayeingia bweni au timu ya shule, kliniki hii inafaa, ila kuna jambo moja la kurekebisha.

Kipimo cha macho ni bora sana. Chati imetundikwa mita 6 kutoka anaposimama mtoto, kila jicho hupimwa peke yake, na kinachotumika ni kifuniko, maana watoto huchungulia katikati ya vidole. Presha nayo hupimwa kwa mkanda wa saizi ya mtoto. Mkanda mkubwa mno hushusha namba, mdogo mno huzipandisha.

Udhaifu uko kwenye kipimo cha mkojo. Wanauchukua alfajiri, ilhali mayai ya minyoo ya kichocho (bilharzia) hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kama mtoto huoga mtoni au bwawani, ombeni chombo na mrudi adhuhuri, tena akishakimbia kidogo.

Kwa wanamichezo, daktari huuliza: amewahi kuzimia akikimbia? Kifua humuuma? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Stethoskopu pekee haitoshi kugundua hatari hizi za moyo, kwa hiyo aje mzazi, si jirani. Selimundu pia itajwe, ni ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea Pwani.

Bebeni kijitabu cha Mama na Mtoto. Bila hicho sehemu ya chanjo hubaki tupu, na shule huirudisha fomu. Msichana wa miaka 10 hadi 14 aulizwe pia chanjo ya HPV (kinga ya saratani ya mlango wa kizazi), ambayo hospitali za serikali huitoa bure.