Kutuma faksi bure kwa barua pepe: uzoefu wangu na FaxZero na GotFreeFax

Faksi ya bure ina kazi moja inayoiweza vizuri: kufikisha kurasa chache Marekani au Kanada. Haipokei majibu, haifiki Dar es Salaam wala Mombasa, na haibebi bunda la nyaraka. Ukiiheshimu mipaka hiyo ni huduma ya kutegemewa, na sioni sababu ya kumlipa dalali kwa kazi ambayo mtu anaimaliza mwenyewe akiwa na simu na bando.

Huku kwetu wanaoihitaji zaidi ni watu waliosajili kampuni ya aina ya LLC Marekani ili wapokee malipo ya mtandaoni. Benki na kampuni za malipo zitadai EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya huko. Mwenye namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani au ITIN, yaani namba ya kodi ambayo IRS humpa mtu asiye na hiyo ya hifadhi ya jamii, anaweza kuiomba kwenye tovuti ya IRS na kuipata papo hapo. Asiye nazo anabaki na simu, posta au faksi. Simu ni 267-941-1099, haipigwi bure, na kusubiri kwenye laini kunakula salio. Posta ni wiki kadhaa. Ndiyo maana faksi, chombo ambacho ofisi nyingi za kwetu zimeshakifungia kabatini, bado ina maana kubwa kwa kijana wa Nairobi au Arusha mwenye kampuni katika jimbo la Wyoming, Marekani. Wengine wanaoihitaji ni ndugu zetu waliorudi nyumbani na wanadai kumbukumbu za matibabu kutoka kliniki za Marekani, ambako faksi bado ni kitu cha kila siku.

Huduma mbili ninazozitumia ni FaxZero na GotFreeFax. FaxZero inakupa kurasa 3, mbali na ukurasa wa jalada, hadi faksi 5 kwa siku, na inaweka nembo yake kwenye jalada. GotFreeFax inakupa kurasa 3, faksi 2 kwa siku, na jalada lake halina tangazo. Kwa barua ya ofisi ya serikali au benki nachagua GotFreeFax kwa sababu ya jalada safi. Siku yenye barua kadhaa za kwenda sehemu tofauti, FaxZero inanitosha. Zote mbili zina daraja la kulipia kwa anayetaka kurasa zaidi.

Kwa nini Marekani na Kanada tu? Mwisho wa safari, faksi ni simu. Kompyuta ya huduma inapiga namba, mashine ya upande wa pili inapokea, zinasalimiana kwa milio, kisha kurasa zinapita. Kupiga ndani ya nchi hizo mbili ni rahisi mno, kwa hiyo gharama inafidiwa na matangazo na wateja wanaolipa. Kupiga namba ya +255 au +254 ni ghali, ndiyo maana faksi ya kuja huku hulipiwa. Angalia pia kwamba si kila namba inayoanza na +1 inaingia: Jamaika na Bahama zinatumia +1 lakini haziko kwenye bure hii. Mantiki hiyo ni ya zamani. Mwaka 1993 Carl Malamud na Marshall Rose walianzisha mradi wa TPC.INT, ambapo ulituma barua pepe kwa anwani yenye namba ya faksi ndani yake, na mtu aliyejitolea kuhudumia eneo hilo, ambako kwake ilikuwa simu ya mtaani tu, akaifikisha. Bure ilifika pale tu ambapo kulikuwa na mtu wa kuibeba gharama. Mpaka leo ni hivyo hivyo.

Sasa suala la barua pepe yenyewe, maana linachanganya wengi. Kwenye huduma hizi mbili faksi inaanzia kwenye fomu ya tovuti: jina lako, barua pepe, simu, namba ya mpokeaji, ujumbe wa jalada, na faili la PDF au la Word. Barua pepe inaingia mara mbili. Kwanza unaletewa kiungo cha kuthibitisha, na usipokibofya faksi haiondoki. Ukiona kimya, fungua kapu la barua taka kabla ya kujaza upya. Pili unaletewa taarifa kwamba imefika au imeshindikana. Tumia anwani unayoweza kuifungua saa hiyo hiyo, si ile ya kazini inayochuja barua ngeni.

Ile njia ya kuandika barua pepe moja kwa moja, ambapo anwani ni namba ya faksi ikifuatiwa na jina la kampuni ya huduma, inahitaji akaunti, na aghalabu ya kulipia. Mada ya barua inakuwa maneno ya jalada, kiambatisho kinakuwa kurasa. Ni tamu kwa ofisi inayotuma kila siku, ila ina mitego miwili. Mfumo unapokea barua kutoka anwani uliyoisajili tu, kwa hiyo ukituma kutoka anwani nyingine inakataliwa. Na nembo iliyo kwenye saini ya barua pepe yako inaweza kugeuzwa ukurasa na kula hesabu yako. Zima saini kabla ya kutuma.

Kinachoharibu faksi nyingi, kwa maoni yangu, ni karatasi yenyewe. Mashine ya kawaida inaugawa upana wa ukurasa katika nukta 1,728, na kwenda chini inasoma mistari 3.85 tu kwa kila milimita ikiwa kwenye ubora wa kawaida, au 7.7 kwenye ubora wa juu. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe, hakuna kijivu. Ukipiga picha ya fomu kwa simu, kivuli cha mkono wako kinageuzwa maelfu ya nukta zilizotawanyika. Mbinu ya kubana data ya faksi inategemea mistari mirefu ya weupe mtupu, kwa hiyo ukurasa huo unavimba. Ukurasa wa maandishi ambao kwa mwendo wa biti 14,400 kwa sekunde ungepita chini ya dakika moja, sasa unachukua dakika kadhaa, na kadiri simu inavyorefuka ndivyo laini inavyopata nafasi ya kukatika.

Kwa hiyo: chapa fomu, jaza kwa herufi kubwa, saini kwa kalamu nyeusi, kisha skani kwa rangi nyeusi na nyeupe. Steshenari yoyote inafanya hivyo, na programu za kuskani za kwenye simu zina chaguo hilo pia. Acha sentimita moja na nusu juu ya ukurasa, kwa sababu ndipo unapopigwa mstari wa tarehe, saa na jina la mtumaji. Sheria ya Marekani ya 1991 inataka utambulisho huo uwemo. Wamarekani wanatumia karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, fupi kuliko A4 yetu yenye 297. Mashine nyingine inakata sehemu ya chini, na mara nyingi saini ndiyo iko huko. Fomu za IRS zimeshapangwa kwa Letter, ziache hivyo. Barua unayoiandika mwenyewe ibadilishe ukubwa wa karatasi kabla ya kuhifadhi PDF.

Mtego mwingine uko kwenye PDF za kujazwa kwenye kompyuta. Ulichoandika ndani ya visanduku kinakaa kwenye tabaka lake, na mfumo unaogeuza faili kuwa picha ya faksi unaweza kuliruka. Mpokeaji anapata fomu tupu, nawe unapata taarifa kwamba imefika salama. Dawa ni kuchagua kuchapa, lakini badala ya printa uchague kuhifadhi kama PDF mpya. Tabaka zinaungana kuwa ukurasa mmoja. PDF yenye nywila haigeuzwi kabisa, ondoa nywila kwanza.

Taarifa ya kushindikana isome vizuri kabla ya kurudia. Laini ikiwa inatumika, jaribu saa nyingine. Saa tatu asubuhi yetu, New York ni saa nane usiku wakati wa kiangazi chao na saa saba wakati wa baridi. Ofisi zimelala na mashine ziko wazi. Ikisemwa kwamba hakuna mlio wa faksi, basi umepiga namba ya mtu, na kurudia ni kumsumbua: hakiki namba. Ikikatika katikati ya kurasa, punguza ukurasa mzito au ibadilishe skani. Na "imefika" maana yake mashine imepokea. Haimaanishi kwamba karani ameisoma.

Nirudi kwenye EIN, kwa kuwa ndiko bure hii inakolipa zaidi. Fomu SS-4, ambayo ndiyo ya kuombea EIN, ni ukurasa mmoja wa kujaza, hivyo inaingia kwenye kurasa 3 kwa raha. Maelekezo ya fomu hiyo yanatoa namba ya faksi 304-707-9471 kwa walio nje ya Marekani na 855-641-6935 kwa walio ndani. Hakiki kwenye maelekezo mapya siku unayotuma. Mashine yao inapokea saa 24. Mstari wa 7b unadai namba ya kodi ya mhusika mkuu, na wengi wasio nayo huandika neno Foreign. Mstari wa 4a ni anwani ya posta: hakikisha wakala wako wa usajili anakubali barua za IRS, maana huko ndiko barua ya uthibitisho itakakokwenda.

Chini kabisa, pembeni ya saini, kuna kisanduku cha namba ya faksi ya mwombaji, na hapo ndipo huduma ya bure inapofikia kikomo. IRS inasema ukiweka namba ya kurudishia, majibu yanakuja kwa faksi ndani ya siku 4 za kazi. FaxZero na GotFreeFax hazikupi namba ya kupokelea. Ukikiacha kitupu, unasubiri posta. Ushauri wangu ni kukodi namba ya kupokea faksi kwa mwezi mmoja kwenye huduma ya kulipia, au kumwomba wakala namba yake, kisha kutuma kwa bure. Kabla ya kuiandika kwenye fomu, jitumie faksi ya majaribio uone kama inaingia kwenye barua pepe yako. Na msongamano ukizidisha siku, vumilia. Usitume SS-4 ileile tena wala usipige simu kuomba upya. IRS yenyewe inataka njia moja tu kwa kampuni moja, la sivyo unaweza kupewa EIN mbili, na kuifuta mojawapo ni safari nyingine.

Kuna faksi moja ambayo singeipeleka kwa bure hata kidogo. LLC yenye mmiliki mmoja asiye Mmarekani inatakiwa kila mwaka wenye miamala kati yake na mmiliki kuwasilisha fomu 5472, inayoeleza miamala hiyo, ikiambatana na ukurasa wa fomu 1120, ile ya kodi ya kampuni, na IRS inazipokea kwa faksi. Faini ya kutowasilisha ni dola 25,000. Kurasa zinapita 3, na kuzigawa kwenye faksi mbili ni kumwachia karani kazi ya kuziunganisha. Lipia huduma inayotuma zote kwa pamoja na kukupa ripoti yenye saa, idadi ya kurasa na picha ya ukurasa wa kwanza, kisha ihifadhi ripoti hiyo pamoja na vitabu vya kampuni.

Pasipoti na taarifa za benki nazo nisingezipitisha kwenye huduma ya bure. Faili linapakiwa kwenye kompyuta ya kampuni usiyo na mkataba nayo, na mwisho wa safari linatoka kama karatasi kwenye trei ambayo yeyote aliye ofisini humo anaweza kuichukua. Mpokeaji akizihitaji, mwulize kwanza kama ana njia ya kupakia faili kwa usalama kwenye tovuti yake.