Presha kuka ya umeme: ulizia mpira wa mfuniko kabla ya kuulizia bei

Malalamiko ya wasomaji wa Arusha na Moshi kuhusu presha kuka za umeme yanafanana mno. Miezi ya mwanzo maharage yanaiva vizuri. Baadaye jiko linachemka tu bila kujaza presha, mvuke unatoka pembeni mwa mfuniko, maji yanakauka na chakula kinashika chini. Mwenye jiko anaambiwa limekufa. Mara nyingi jiko ni zima. Kilichochoka ni ule mpira unaozunguka mfuniko kwa ndani, na duka lililomuuzia halina mwingine.

Kwa hiyo hapa hutasoma habari za vitufe. Jiko liwe na programu 6 au 14, utatumia mbili, ya maharage na ya wali. Nimeyapanga majiko kwa swali moja: mpira ukichoka, utaupata wapi?

Kwetu mpira una uzito kuliko Dar. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, ni kama 97. Maji yasiyo moto sana huivisha polepole, ndiyo sababu makande yanamaliza mkaa. Presha kuka iliyofunga sawasawa inapandisha joto hadi nyuzi 112 hivi hata Arusha. Mpira ukivuja joto linarudi kwenye 95, na hapo ulichonacho ni sufuria ya kawaida inayokula umeme.

Nusu kilo ya maharage, jiko likiwa zima, haizidi nusu yuniti. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, yuniti moja ukijumlisha VAT na tozo ni kama shilingi 356, kwa hiyo sufuria nzima haifiki shilingi 200. Aliye kwenye bei nafuu ya shilingi 100 kabla ya kodi achunge yuniti 75 za mwezi, maana zinazozidi hapo zinatozwa 350. Linganisha na makopo ya mkaa unayonunua. Halafu kumbuka kwamba mito ya Kilimanjaro na Meru inaingia Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya bonde la Pangani. Tukikata misitu inayotunza vyanzo vya mito hiyo ili tuchome mkaa, tunajikatia maji na umeme kwa pamoja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hatutafika kwa majiko yanayotupwa kwa kukosa mpira.

Ukifika dukani, fungua mfuniko na uchomoe mpira kwenye waya wake. Ukunje mpaka uwe kama namba nane, uachie. Silikoni nzuri inarudi duara papo hapo, haibaki na kovu. Unaonuka kama tairi jipya, rudisha. Kisha pima kipenyo kwa rula: majiko mengi ya lita 5 na 6 huchukua sentimita 22. Iandike namba hiyo, ndiyo utakayotumia kutafutia spea. Angalia pia kile kimpira kidogo chini ya pini ya presha, ile inayopanda kwenye mfuniko presha ikijaa. Kikipotea jiko halijazi presha, na wengi hawajui kama kipo.

Mwisho mwombe muuzaji aliwashe. Lita moja ya maji, programu ya dakika tano. Pini inapaswa kupanda kabla ya dakika 15 kupita, na ukizungusha kiganja kwa mbali pembeni mwa mfuniko usihisi mvuke. Muuzaji akikataa kuwasha, toka.

Namba moja kwangu ni SESCOM ya lita 6, na sifichi upendeleo. Ni kampuni ya Kitanzania iliyotoka kwa TaTEDO, shirika ambalo limehangaika na nishati endelevu kwa miaka mingi. Mpira unautafuta Dar kwa watu unaoweza kuwauliza kwa Kiswahili. Siku unayonunua, nunua na mpira wa akiba.

Ya pili ni Instant Pot Duo ya lita 5.7. Sufuria yake ya ndani ni stenlesi, haibanduki rangi, na mpira wake wa sentimita 22 unauzwa peke yake. Bei ni kubwa. Hatari kubwa zaidi ni zile zinazoletwa kwenye mizigo kutoka Marekani: geuza jiko usome kibati cha chini. Kikiandika 120V, usilichomeke kwenye umeme wetu wa 230V, litaungua.

Ya tatu, majiko ya Kichina ya swichi ya kuzungusha dakika. Hayana kioo, fundi wa mtaani anayaelewa, na mpira wa kawaida wa sentimita 22 mara nyingi unaingia. Nenda na wako mkononi ulinganishe unene.

Yale ya bei ya chini kabisa, yasiyo na alama ya TBS, shirika la viwango, wala jina linaloeleweka, yaache.

Mpira wowote huo utunze: uoshe kwa mkono, ukauke, uhifadhi mfuniko ukiwa kichwa chini. Upikaji wa kila siku huuchosha ndani ya mwaka mmoja hivi. Usizibe mvuke kwa kitambaa wala nailoni; presha inaweza kurusha chakula cha moto usoni.

Linaloniudhi ni wauzaji. Kabla hujalipa, "spea zipo, dada, usijali." Ukirudi na mpira uliochoka, unaambiwa ununue jiko jipya. Kadi ya warantii haina muhuri, na risiti ya EFD ukiidai bei inapanda. Sahani ya joto nzima, waya nzima, sufuria nzima, vyote vinaenda jalalani kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja. Pitia maduka ya Soko Kuu na Kilombero, au Double Road kule Moshi, uliza kila duka mpira wa sentimita 22. Atakayeutoa kabatini ndiye umpe hela yako, hata kama jirani yake kapunguza elfu kumi.