Visanamu vya Star Wars vya mtindo wa kale: vinafaa kwa mkusanyaji wa Dodoma?

Mwaka 2019 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilirudisha sokoni visanamu sita vya Star Wars kwa umbo lile lile walilolijua watoto wa mwaka 1978: Luke Skywalker, Binti Mfalme Leia, Han Solo, Chewbacca, Darth Vader na askari mwenye deraya nyeupe, Stormtrooper. Mfululizo huo unaitwa Retro Collection. Wapo watakaosema kwamba hizi ni filamu za sayansi na si za njozi, lakini hadithi yenye binti mfalme aliyetekwa, mzee mwenye nguvu za ajabu na kijana aliyerithi upanga wa baba yake ina udugu wa karibu zaidi na Alfu Lela Ulela kuliko kitabu chochote cha fizikia, na ndivyo tulivyoielewa sisi tulioitazama kwanza kwenye vibanda umiza.

Ili kuvipima kwa haki, ni lazima kujua kwa nini vilikuwa vidogo tangu mwanzo. Wakati filamu ya kwanza ilipotoka Mei 1977, sanamu za kuchezea za Marekani zilikuwa kubwa: G.I. Joe wa mwaka 1964 alikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi, na zile za kampuni ya Mego, zilizovishwa nguo za kitambaa, zilikaribia sentimita 20. Kampuni ya Kenner ya mjini Cincinnati ilichagua sentimita 9.5, kwa sababu katika kipimo hicho hata vyombo vya angani vingeweza kutengenezwa kwa ukubwa ambao mzazi angemudu kuununua na mtoto angeweza kuubeba. Kazi ya viwandani haikuwahi Krismasi ya mwaka huo, hivyo Kenner ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti, na mtoto akaahidiwa kutumiwa visanamu vinne mwaka uliofuata. Watu walinunua ahadi hiyo! Baadaye Kenner iliingia mikononi mwa Tonka, na Tonka ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1991, ndiyo maana nembo ya Kenner inaonekana kihalali kwenye kadi za mwaka 2019, yaani zile kadibodi zilizochapwa picha ambazo visanamu hubandikwa juu yake.

Kila kisanamu kina viungo vitano tu, yaani shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Kiwiko hakikunji wala goti halikunji, kwa hiyo Vader hawezi kushika upanga wake kwa mikono miwili, na Han Solo akikaa kitako miguu yake hunyooka mbele kama mtoto aliyewekwa mkekani. Mimi naiona hali hii kuwa sifa. Kisanamu kisichoweza kupinda humlazimu mchongaji aseme kila kitu kwa umbo la jumla, na unapomtazama Stormtrooper akiwa upande wa pili wa sebule unamtambua mara moja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu sanamu nyingi za kisasa zenye viungo lukuki na nyuso zilizochorwa kwa kompyuta.

Luke anastahili kutazamwa kwa karibu. Upanga wake wa mwanga umefichwa ndani ya mkono wa kulia, na chini ya mkono huo kuna mfereji mwembamba wenye kijino ambacho ukikisukuma kwa kidole gumba, upanga huchomoza kupitia kiganjani. Rangi yake ni ya njano, ingawa katika filamu upanga huo ulikuwa wa buluu, na Hasbro imeliacha kosa hilo la mwaka 1978 kama lilivyokuwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Vader amejengwa kwa namna hiyo hiyo, na upanga wake ni mwekundu. Joho lake na lile la Leia ni la plastiki laini yenye matundu ya kupitishia mikono; halipepei wala halikunjiki vizuri, lakini lina historia yake, kwani mhusika mmoja mdogo wa mfululizo wa kale, Jawa, alianza na joho la plastiki kabla ya kubadilishiwa la kitambaa, na leo wale wa plastiki ni miongoni mwa wanaosakwa zaidi na wakusanyaji.

Nisichokipenda ni kadi. Wabunifu waliichapisha ikiwa tayari na michubuko ya pembeni na mikunjo ya uongo, ili mnunuzi ajihisi ameiokota kwenye stoo ya zamani. Kwa mtu aliyezoea kuchambua mitumba katika soko la Sabasaba, ujanja huu hauna ladha, maana uchakavu huja kwa kutumika na hauchapishwi kiwandani. Picha za mbele ni nzuri na mpangilio wa herufi ni ule ule wa zamani, lakini michubuko hiyo inaondoa sababu pekee ambayo ingenifanya niviache bila kuvifungua.

Ushauri wangu kwa mnunuzi wa Dodoma ni kuvifungua. Sijaona duka hapa linaloviuza. Katika soko la Majengo utapata midoli ya mashujaa isiyo na chapa, iliyofungwa kwenye mifuko ya nailoni, nayo ni ya watoto na ina raha yake. Visanamu hivi huagizwa nje, hukusanywa na wakala Dar es Salaam, kisha hupandishwa basi hadi stendi ya Nanenane. Vilipotoka bei yake ilikuwa takriban dola 10 za Marekani kimoja, lakini bei hiyo ni mwanzo tu wa hesabu. Mzigo wa ndege hutozwa kwa uzito au kwa nafasi unayochukua, kutegemea kipi ni kikubwa, na kadi yenye kisanamu kimoja karibu yote ni hewa. Ushuru wa forodha nao hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha VAT ya asilimia 18 huongezwa, hivyo kuagiza kimoja kimoja ni kujitia hasara. Kadi yangu ya Chewbacca ilifika pembe moja ikiwa imekunjwa kwelikweli, na nilipolalamika, wakala alinijibu kwa upole, “Lakini mdoli wenyewe si mzima, kaka?” Ulikuwa mzima.

Baada ya kuvifungua, adui ni jua na vumbi. Plastiki nyeupe hugeuka njano kwa mionzi ya jua, na Stormtrooper wengi wa miaka ya 1970 wanathibitisha hilo, kwa hiyo nyumba zetu zenye madirisha yanayotazama magharibi hazimfai hata kidogo. Vumbi jekundu la miezi ya upepo huingia hadi kwenye mfereji wa upanga wa Luke na kuufanya ukwaruze; mswaki laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo vinatosha. Upanga ukipinda, maji ya moto yasiyochemka huulainisha ukanyooshwa kwa vidole. Kabati la kioo ni bora kuliko rafu ya wazi, pia kwa sababu nyayo za visanamu ni ndogo mno, na mtu akipigapiga fagio karibu, jeshi lote linalala chini.

Anayetaka sura ya kale lakini pia viungo vya kisasa atazame He-Man, shujaa wa katuni wa kampuni ya Mattel, katika mfululizo wa Origins wa mwaka 2020, wenye urefu wa sentimita 14 na viungo 16. Ni bidhaa nzuri ya kuchezea, ila inanipa hisia ya jengo la zamani lililowekewa lifti. Karibu zaidi na moyo wangu ni mfululizo wa ReAction wa kampuni ya Super7, ulioanza mwaka 2013 kwa kuvifufua visanamu vya filamu ya Alien ambavyo Kenner ilivibuni mwaka 1979 bila kuvifikisha dukani.

Hasbro nayo ina kisanamu cha namna hiyo, Grand Moff Tarkin, yule kamanda mkatili wa filamu ya kwanza, ambaye Kenner haikuwahi kumtengeneza katika mfululizo wake wa kwanza. Mchongaji hakuwa na umbo la kale la kunakili, akalazimika kuwaza kama mtu wa mwaka 1978, na ile sura nyembamba ya mwigizaji Peter Cushing imetulia vizuri katika kichwa kidogo kuliko dengu mbili. Kwangu huyu ndiye bora kuliko wote. Mwaka 2019 aliuzwa ndani ya boksi la mchezo wa mezani uliotolewa upya, Escape from Death Star, na boksi hilo kwa nauli ya ndege halina maana. Mtafute kwa muuzaji wa mtumba aliyekwisha kuufungua mchezo, umlipie peke yake, na umsafirishe katika kifurushi kimoja na Vader na Stormtrooper. Han Solo anaweza kusubiri.