Stata inagonga tu, fundi anataka kukuuzia stata nzima

Naandika hasira hazijapoa, mnisamehe lugha. Yupo fundi umeme wa magari pale Ngarenaro, Arusha, jina nalihifadhi, ambaye kwake kila stata (mota ya kuwashia injini) inayogonga "tak" bila kuzungusha injini imekufa. Hafungui wala hapimi. Anasikiliza mara moja, kikombe cha chai mkononi, halafu: "Bosi, hiyo imekwisha. Ninayo ya Japani."

Gari langu ni Hilux ya dizeli, ya zamani. Ukizungusha ufunguo inagonga mara moja na taa za dashibodi hazififii. Ukirudiarudia, inashika. Jamani, hapo kuna nini cha kubahatisha? Taa zingefifia ungeshuku betri, vichwa vyake vyenye ungaunga au waya wa ethi (wa hasi kwenda kwenye bodi) uliolegea. Zikibaki na nguvu, maana yake solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inavuta lakini umeme hauvuki kwenda kwenye mota: zile shaba mbili za ndani zinazopitisha umeme zimelika.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika chache. Gia iwe free, breki ya mkono juu. Betri iliyotulia isome kama volti 12.6, na injini ikizungushwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Kisha mtu azungushe ufunguo huku wewe ukipima kwenye stata yenyewe: nati ya waya mnene wa betri ikisoma 12, na ile inayoingia kwenye mota ikisoma karibu sifuri, jibu umelipata. Ukimya bila hata ile "tak" ni jambo jingine, fuata waya mwembamba unaotoka kwenye swichi. Na ile inayoamka ukiigonga kwa nyundo, mara nyingi kaboni za kupeleka umeme ndani ya mota zimekwisha.

Nilipomwomba apime, akauliza kwa sauti gereji nzima isikie: "Mzee, fundi ni wewe au ni mimi?"

Haya, nimtendee haki. Stata aliyofunga inazungusha vizuri, hata asubuhi za Julai zenye baridi, na nati za nyaya alizisugua kwa msasa kabla ya kukaza. Mkono anao. Lakini ile ya zamani alikataa kuirudisha, na sababu inajulikana: ataitia shaba mpya, kesho ni "ya Japani" kwa mteja mwingine.

Kazi yenyewe ni hii. Toa hasi ya betri kwanza. Shusha stata, fungua boliti tatu ndogo za kofia ya solenoidi kwa spana ya 8, vuta chuma cha kati pamoja na springi yake, na uangalie kigololi kisidondoke. Shaba ya upande wa betri ndiyo huwa imelika zaidi, imebonyea kama kisigino cha kandambili. Badilisha zote mbili, na kile chuma cha kati kama uso wake umechimbika. Shaba zikae usawa mmoja, ili chuma kiziguse pamoja. Ikipanda moja, utarudi kwenye tak ileile. Vile vikombe vya plastiki vya boliti usivisahau kwenye beseni la petroli, maana bila hivyo umeme wa betri unaingia moja kwa moja kwenye bodi, na moshi utauona.

Altaneta, ile ya kuchaji betri, bado nitampelekea. Stata, hapana. Au basi, nikimpelekea, nitasimama pale pale mpaka aifungue.