Kitabu cha kukodi Nyawera: Lady Anne Clifford na mashamba ya baba yake

Kibanda cha vitabu vya mitumba ninachokizungumzia kiko karibu na soko la Nyawera, hapa Bukavu. Unalipa faranga 3,000, unaacha dhamana ya 10,000, na kitabu unakaa nacho juma moja. Nilichokodi mimi ni cha Kiingereza, kinachosimulia maisha ya Lady Anne Clifford, aliyezaliwa mwaka 1590 katika ngome ya Skipton, kaskazini mwa Uingereza.

Sikutarajia kukutana humo na kesi ninayoisikia kila mara mtaani kwetu. Baba yake Anne, George Clifford, alipofariki mwaka 1605 bila mtoto wa kiume aliye hai, wosia wake ulimpa mdogo wake, yaani baba mdogo wa Anne, ngome na mashamba, na binti akaachiwa pauni 15,000. Mama, Margaret Russell, hakukubali. Alifukua hati za kale zilizoonyesha kwamba mali hiyo ilipaswa kumfuata mtoto wa kuzaa, awe wa kiume au wa kike. (Kwetu Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inawapa watoto wote mafungu sawa, lakini nendeni mkasikilize vikao vya ukoo baada ya matanga.)

Kurasa za mwaka 1616 nilizisoma mara mbili. Tarehe 2 Aprili Anne aliagana na mama yake njiani, karibu na Brougham, wasionane tena, kwa kuwa mama alifariki mwezi uliofuata. Mwezi huohuo wa Mei mume wa Anne, Richard Sackville, aliyezitaka pesa kuliko mashamba, aliagiza binti yao aondolewe kwa mama yake, naye mtoto hajatimiza hata miaka miwili. Mwaka 1617 mfalme James mwenyewe aliamua kwa faida ya baba mdogo, na bado Anne alikataa kuridhia. Mali ilimrudia mwaka 1643, mtoto wa baba mdogo alipofariki bila mrithi wa kiume. Alizikarabati ngome zake, na pale alipoagana na mama yake akajenga nguzo mwaka 1656, akiagiza maskini wa parokia wagawiwe pauni 4 kila tarehe 2 Aprili. Alifariki mwaka 1676, akiwa na miaka 86.

Kuhusu huduma yenyewe nina lawama. Ukurasa wenye mchoro wa ukoo ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi kabisa, wakati msomaji anauhitaji sana, maana Anne aliolewa mara mbili na majina ya wakwe yanachanganya. Tena nilipokirudisha, muuzaji alitaka kunikata faranga 1,000 kwa jalada lililochanika, ambalo nililikuta limebandikwa utepe tangu siku ya kwanza. Tulibishana, akanirudishia dhamana yote. Anayetaka kukikodi akifungue palepale mbele ya muuzaji, wakague pamoja jalada na kurasa, kabla ya kutoa pesa.